Barafu ndo ilikuwa inaniharibia chai yangu ya kijani

Mara ya kwanza nilivyotengeneza hii kitu nyumbani mama aliiangalia glasi, akainusa, akaniuliza kama yale maji nimeyatoa kwenye tangi la samaki. Sikumjibu, maana kusema ukweli hata mi nilikuwa naona hivohivo. Juu kulikuwa na kitu kama theluji nyeupe haina ladha yoyote, chini kimaji cha kijani kimetulia zake, katikati madonge ya unga ambayo ukiyavuta kwenye mrija yanakuja yote kwa mpigo halafu unakohoa. Mdogo wangu alikunywa nusu akasema "dada, iko poa" kwa ile sauti ya mtu anayetaka kuondoka jikoni haraka.

Nazungumzia ile chai ya kijani ya baridi inayosagwa na barafu kwenye blenda mpaka inakuwa nzito kama maziwa yaliyoanza kuganda, wengine wanaiita frape, wengine smuzi ya matcha (matcha ni unga wa majani ya chai ya kijani), iite utakavyo. Niliinywa mgahawani mara moja tu nikashikika. Nikajiambia hii si chai, maziwa, sukari na barafu, kuna nini hapo cha kunishinda, nina blenda, nina friza, nina mikono miwili. Ikanichukua kama miezi miwili ya kuharibu maziwa ndo nikaipata, na muda wote huo nilikuwa nalaumu chai. Nabadilisha chai, naongeza chai, naloweka muda mrefu, kumbe chai ilikuwa haina kosa. Mwenye kosa alikuwa barafu, yule ambaye hakuna mtu anamshuku kwa sababu ni maji tu yaliyoganda. Sasa hapohapo kwenye "maji tu" ndo penye shida yenyewe, ntawaelezea.

Ila nianze na ujinga wangu mkubwa zaidi ili usije ukaurudia. Siku ya kwanza kabisa nilichemsha maji, nikatia vipakiti vya chai ya kijani, baada ya dakika tano nikaimimina ikiwa moto vilevile kwenye jagi la blenda, nikaweka kifuniko nikakibana vizuri (najisifu hapo, naona niko makini), nikabonyeza. Kifuniko kiliruka. Chai ikaenda juu, ikaenda ukutani, ikaenda kwenye nywele zangu, na bahati tu haikuniunguza uso. Sababu ni kwamba ukizungusha kimiminika cha moto ndani ya chombo kilichofungwa ile hewa ya ndani inapata joto ghafla na mvuke unaongezeka palepale, inatanuka, haina pa kutokea, basi inasukuma kifuniko. Kwahiyo chai ya moto na blenda iliyofungwa ni maadui. Iache ipoe kwanza, kabisa, isiwe ya uvuguvugu.

Siku ya pili nikaipoza. Haikulipuka, ila ilikuwa chapwa. Nikasema sawa, nimeloweka kidogo, kesho naloweka robo saa. Kesho yake ikawa chapwa na chungu, yaani imefanikiwa kuwa mbaya kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikujua kama kinawezekana.

Uchungu ule una maelezo rahisi. Majani ya chai ya kijani ni yaleyale ya mmea unaotoa chai nyeusi, Camellia sinensis, tofauti ni kwamba ya kijani hupashwa joto mapema baada ya kuchumwa, Wajapani mara nyingi kwa mvuke na Wachina mara nyingi kwenye makarai ya moto, ili jani lisipate nafasi ya kubadilika kuwa jeusi. Kwahiyo vile vitu vinavyoleta ukakasi, katekini, vimebaki humo vingi. Ukimwagia maji yanayotokota vinatoka vyote kwa fujo, na kafeini nayo inatoka, halafu ule utamu mwororo wa jani unafunikwa. Chai ya kijani inataka maji ya nyuzi 70 mpaka 80 hivi na dakika mbili tatu, basi. Kama huna kipimajoto, mimi sina, mimina maji yaliyochemka kwenye kikombe kitupu, kisha toka hapo mimina kwenye kikombe kingine, kila unapohamisha yanapungua kama nyuzi 10. Ukihamisha mara mbili umefika.

Lakini uchapwa sasa. Hapo ndo nilikaa na mizani ya jikoni nikapiga hesabu ambayo ningeipiga siku ya kwanza nisingepoteza muda. Nilikuwa natia chai mililita 200 na barafu gramu 250. Barafu ikishayeyuka, na itayeyuka tu, ni mililita 250 za maji. Yaani kwenye glasi yangu maji yalikuwa mengi kuliko chai! Mtu yeyote ukimwambia achukue kikombe cha chai akijazie kikombe na kitu cha maji atakuona umechanganyikiwa, ila ukiyagandisha yale maji kwanza anaona ni sawa, ndo mapishi hayo.

Na huwezi kusema ntasaga haraka isiyeyuke. Barafu inapoza kinywaji kwa kuyeyuka. Gramu moja ya barafu ikitoka kuwa barafu kwenda kuwa maji inanyonya joto kama jouli 334, na joto hilohilo lingetosha kuyatoa hayo maji kutoka nyuzi sifuri mpaka karibu 80. Ndo maana kipande kidogo kinapoza glasi nzima wakati maji tu ya friji hayafanyi hivo. Ubaridi unaoufurahia mdomoni umelipiwa na barafu iliyokwisha kuwa maji. Huwezi kupata kimoja ukakwepa kingine. Unachoweza ni kuamua hayo maji yawe nini.

Nadhani umeshaona naelekea wapi, ila subiri kwanza nimalize la chai yenyewe, maana vipakiti niliachana navyo.

Nikahamia matcha. Matcha ni jani zima lililosagwa likawa unga, unakunywa jani lenyewe badala ya kulitoa juisi na kulitupa. Kwenye kinywaji cha barafu hii ni faida kubwa, kwa sababu unapata chai iliyokolea bila kuongeza maji mengine. Asili ya kusaga chai na kuipiga povu ni China, zama za ukoo wa kifalme wa Song, akaja mtawa wa Kijapani aitwaye Eisai akarudi kwao na mbegu za chai mwaka 1191, na kule Japani ndo ikakaa mpaka leo wakati China yenyewe baadaye iligeukia zaidi chai ya kuloweka majani. Mji uliovuma kwa matcha unaitwa Uji, upo jirani na Kyoto, na naomba Waswahili wenzangu tucheke kidogo hapa halafu tuendelee, maana kinywaji chenyewe kikitoka vizuri kweli kina uzito wa uji.

Kinachoifanya iwe kijani vile ni kivuli. Mashamba yanafunikwa kama wiki tatu hivi kabla ya kuchuma, jani likikosa jua linajaza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwa wingi likihangaika kutafuta mwanga, na theanini inabaki nyingi badala ya kugeuka kuwa katekini, na theanini ndo inaleta ile ladha nzito tamu ya kubaki kwenye ulimi. Kisha majani yanapigwa mvuke, yanakaushwa, yanatolewa vishipa na vikonyo, halafu yanasagwa polepole kwa mawe. Jiwe moja la kienyeji linatoa kama gramu 30 mpaka 40 kwa saa nzima. Saa nzima! Nilivyojua hilo niliacha kutia kijiko cha kujaa kwa fujo kama natia sukari.

Ukienda kununua sasa, angalia nyuma ya pakiti kabla ya mbele. Mbele kuna picha nzuri ya mlima na kikombe. Nyuma kuna viungo, na kama neno la kwanza ni sukari basi umeshika unga wa sukari wenye rangi, si matcha. Kuna na chai ya kijani ya kawaida iliyosagwa tu, hiyo si mbaya ila haikukaa kivulini, ni kali zaidi na rangi yake inaelekea kwenye njano au ukavu wa majani makavu. Na yale maneno ya "daraja la sherehe" (yaani eti matcha bora kabisa) yasikutoe jasho. Hakuna chombo kinachopima hilo daraja, muuzaji anajiandikia mwenyewe. Kwa kinywaji cha maziwa na barafu mi napenda ya kati, yenye ukali kidogo, kwa sababu ile laini kabisa ya kunywa na maji matupu ikiingia kwenye maziwa na sukari na baridi inapotea, unakuwa umeimwaga tu. Wapo watakaobishana na mimi hapa, sawa, wabishane wakiwa na glasi zao.

Jambo moja ambalo lilinichelewesha sana kulielewa ni kwamba matcha haiyeyuki. Sukari inayeyuka, chumvi inayeyuka, matcha inaelea tu kwenye maji kama vumbi kwenye hewa, ukiiacha itashuka chini iwe mashapo. Na ikigusa kitu cha baridi ikiwa kavu inajikusanya, nje inalowa, ndani inabaki unga mkavu, ndo yale madonge yangu ya kukohoza watu. Nilikuwa nadhani blenda itayamaliza yote. Haimalizi. Mengine yanarushwa yanaganda ukutani kwa jagi juu kule ambako hakuna kinachofika, unakuja kuyaona wakati wa kuosha.

Dawa yake ni chujio dogo la chai. Unachekecha unga kwenye bakuli, unasukuma na mgongo wa kijiko, unatia maji kidogo sana ya zile nyuzi 80 (vijiko vya mezani vinne, mililita 60 hivi), unakoroga kwa nguvu ukienda mbele na nyuma badala ya kuzungusha. Wajapani wana kifagio cha mwanzi cha kazi hiyo. Mimi natumia kile kimashine kidogo cha betri cha kupiga povu la maziwa, na siku betri imekwisha natia kwenye chupa yenye kifuniko natikisa, ila kabla ya kutikisa naacha ipoe kidogo, nishajifunza kuhusu vitu vya moto vilivyofungwa.

Haya sasa, barafu.

Kama maji yataingia kwenye glasi hata ukatae, basi gandisha kitu ambacho ungependa kukinywa. Nilimimina maziwa kwenye trei ya barafu nikaingiza friza usiku, asubuhi nikasagia hayo pamoja na barafu kidogo. Nilivyoonja nilikaa chini kabisa kwenye kigoda. Ilikuwa nzito, baridi, na ladha ilikuwa ileile toka juu mpaka chini, na hata ilivyoanza kuyeyuka haikuwa inageuka maji, ilikuwa inageuka maziwa ya matcha. Miezi miwili yote ile, jamani, na jibu lilikuwa kwenye trei.

Kuna na faida sikuitegemea, vipande vya maziwa vinasagika kirahisi kuliko barafu ya maji. Maziwa yana mafuta, yana sukari yake, yana protini, hayagandi yakawa jiwe moja gumu kama kioo, kwahiyo blenda ya kawaida isiyo na nguvu za ajabu inayamudu bila kulia.

Nikajaa kiburi, mara ya pili nikatia maziwa ya kugandisha peke yake bila barafu hata moja, na hapo nikaenda mbali. Ilikuwa nzito kupita kiasi, mafuta yanapaka ulimi, chai haisikiki, ni kama unakula aiskrimu iliyopitiwa na chai kwa mbali. Maziwa yana tabia hiyo, protini zake zinashikana na katekini, ukakasi unapungua. Kidogo ni kizuri, kikizidi unajikuta umeifuta chai yenyewe. Kwahiyo kipimo changu nilichokaa nacho mpaka sasa ni vipande vya maziwa sehemu mbili na barafu ya maji sehemu moja. Barafu ya maji inaleta ule ukwaruzo wa kuburudisha, maziwa yanaleta mwili.

Kwa glasi moja kubwa natia hivi. Maziwa ya baridi mililita 100 kwenye jagi kwanza, maana visu vinataka kimiminika cha kushikilia. Kisha matcha yangu niliyokoroga, gramu 4 (vijiko viwili vidogo vya kufuta juu) kwenye zile mililita 60 za maji, imeshapoa. Kisha shira vijiko viwili vya mezani. Vanila tone moja au usitie. Chumvi chembe, na hii chumvi usiidharau, haifanyi kinywaji kiwe cha chumvi, inapunguza uchungu tu. Mwisho kabisa vipande vya maziwa gramu 150 na barafu gramu 75. Ukianza na barafu chini visu vinazunguka kwenye pango, vinapiga kelele, na hakuna kinachosagika.

Nimesema shira kwa sababu. Sukari ya chembe kwenye kitu cha baridi hivi inakataa kuyeyuka, unaisikia inasagika menoni. Chemsha sukari na maji kiasi sawa mpaka sukari iyeyuke yote, weka friji, inakaa hata wiki mbili. Na usishangae ukionja ukaona sukari haitoshi wakati umeweka ya kutosha kabisa, ulimi wenye baridi hausikii utamu vizuri, ni kama aiskrimu iliyoyeyuka ambayo ghafla inakuwa tamu mpaka inakera. Kwahiyo vikombe vya mgahawani vina sukari nyingi kuliko mdomo wako unavyokwambia. Nyumbani mi napunguza, nakubali ikae na uchungu kidogo, kama nilitaka sukari tupu ningelamba kijiko.

Kusaga kwenyewe ni sekunde 30, zikizidi sana 40. Anza kwa kubonyeza na kuachia mara tano sita ili vipande vikubwa vivunjike, halafu iache iende. Sikiliza. Mwanzo inakwaruza, inagonga, kisha sauti inashuka inakuwa mngurumo mmoja laini na juu unaona kishimo kinazunguka katikati, hapo zima. Ukiendelea unaipasha joto, visu vinavyozunguka vinatengeneza joto lao na mota nayo iko chini inachemka, unarudisha maji uliyokuwa unayakimbia. Ikinata, yaani visu vinazunguka chini na juu kumetulia kabisa hakuna kinachosogea, zima, chomoa, koroga na kijiko, washa tena. Nasema zima kwa sababu mimi niliwahi kuingiza mwiko kusukuma blenda ikiwa inazunguka. Mwiko ulikatwa kipande na kinywaji kikawa na vijiti. Huo mwiko mama hajausahau, mpaka leo ukitajwa upishi wangu unatajwa na wenyewe.

Blenda yenyewe hii, kwa taarifa yako, ilizaliwa kwa ajili ya vinywaji baridi. Stephen Poplawski wa Wisconsin kule Marekani ndiye aliyeweka visu chini ya jagi badala ya juu, hataza yake aliiomba mwaka 1922, na alikuwa anafikiria maziwa ya kusaga yaliyokuwa yanauzwa kwenye maduka ya soda. Supu na vitunguu tumeiongezea sisi baadaye. Kwahiyo blenda ikikushinda kwenye chai ya barafu, ujue umeshindwa wewe mwenyewe, maana hiyo ndo kazi iliyoijia duniani.

Hata hili jina la frape lina safari yake. Kwa Kifaransa maana yake ni kilichopozwa kwa barafu, Wagiriki wakalichukua kwa kahawa yao ya kutikisa iliyoanzia Thessaloniki mwaka 1957, halafu kuna duka la kahawa upande wa Boston likalichanganya na kapuchino likapata Frappuccino, Starbucks wakalinunua hilo duka mwaka 1994 na jina lake, na mwaka uliofuata wakaanza kuuza yao. Chai ya kijani ilikuja kuingia humo baadaye. Kinywaji chetu kwahiyo kina jani la Asia, jina la Ulaya na mashine ya Marekani, halafu mi nakaa jikoni nasema "nimekitengeneza mwenyewe".

Kuna swali nililokuwa najiuliza sana, kwa nini cha mgahawani kinakaa nusu saa mezani hakijatengana na changu dakika kumi tayari juu povu chini maji. Jibu ni kwamba wengi wao wanatia unga au shira maalumu yenye kitu cha kushikilia, mara nyingi ni gundi ya zanthani, unga mweupe unaotokana na bakteria wanaolishwa sukari. Jina linatisha ila ipo kwenye sosi na mapishi mengi unayokula tayari. Robo ya nusu kijiko kidogo, narudia, ROBO ya nusu kijiko, inatosha glasi nzima. Niliwahi kutia kijiko kizima nikapata kitu cha kunata kinachovutika kama kamasi, samahani kwa neno hilo ila hamna lingine linalofaa. Changanya kwanza na sukari kidogo kavu ili isijikusanye, ndo utie kwenye kimiminika. Kama hutaki mambo ya unga, nusu ya ndizi iliyogandishwa inashikilia vizuri sana, ila utakunywa ndizi yenye chai, si chai. Au kijiko cha aiskrimu ya vanila, ambayo nayo imeshatiwa vishikizi vyake kiwandani. Mimi siku nyingi sitii chochote, nakunywa haraka.

Rangi. Ukiona kijani chako kimekuwa rangi ya zeituni au kama nguo ya jeshi, kuna mawili. Ama unga umezeeka, ama umekutana na joto au tindikali. Klorofili ina magnesi katikati yake, joto na tindikali vinaing'oa, na ikishatoka kijani kinageuka kahawia chafu. Kwahiyo ndimu kwenye hii ya maziwa hapana, itakata maziwa na rangi vyote kwa pamoja. Unga wenyewe ufunge vizuri, mbali na mwanga, ukishafungua pakiti utumie ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukiuweka friji, siku ya kuutumia utoe uache pakiti ipoteze ubaridi kabla hujafungua, la sivyo hewa yenye unyevu inaingia inagusa unga wa baridi, inageuka maji humohumo, na umeshatengeneza madonge kabla hujaanza kupika.

Asiyetumia maziwa ya ng'ombe, ya oti yanakwenda vizuri sana na nadhani hata yanagandishwa vizuri zaidi. Ya lozi mepesi sana kwa maoni yangu, yanarudi kuwa maji. Na asiye na matcha kabisa asiache, achukue majani ya kawaida ya chai ya kijani gramu 10 kwenye maji baridi nusu lita, aweke friji usiku kucha, achuje. Maji baridi yanatoa uchungu kidogo na kafeini kidogo kuliko ya moto. Nusu ya hiyo chai gandisha kwenye trei, nusu nyingine iwe kimiminika, saga pamoja na shira na hapa sasa ndimu ruksa kwa sababu hakuna maziwa. Inatoka kama theluji ya chai, haina uzito wa ile nyingine, lakini kwenye joto kali mi hii ndo naikimbilia. Ni wazo lilelile la kutogandisha maji matupu.

Halafu gramu 4 za matcha si mchezo, ni jani zima umekunywa, kafeini yake inaweza kukaribia kikombe cha kahawa kabisa au kukipita kutegemea na unga. Mdogo wangu alikunywa saa mbili usiku, saa nane alikuwa anapanga kabati la nguo. Kwahiyo usiku punguza iwe gramu 2, au subiri kesho.

Osha blenda hapohapo. Ukichelewa unga unakaukia kwenye ule mpira wa chini na harufu yake inahamia kwenye kila kitu utakachosaga wiki hiyo.

Juzi nimerudi nimechoka, nimewaza glasi yangu njia nzima, nikafungua friza kutoa trei ya maziwa niliyoijaza asubuhi. Trei ipo palepale nilipoiacha, imerudishwa vizuri kabisa. Tupu. Blenda imeoshwa inadondosha maji, chujio langu limening'inizwa upande wa kushoto ambako mi huwa siliweki, na mama yuko sebuleni anaangalia taarifa ya habari, glasi iko nyuma ya mguu wa kochi, na kwenye mdomo wa juu hapo kuna kijani.

Nikamuuliza, mama, maziwa yangu yako wapi. Akasema maziwa gani.